Lamu kwa siku mbili: Takwa, nyumba za mawe na maji yanayopanga safari

Mgeni wa siku mbili Lamu kwa kawaida huanza na ngome, kwa kuwa ndiyo inayomkabili akifika uwanja wa Mkunguni. Baadaye huzunguka vichochoroni hadi jua liwe kali, na saa nane mchana ndipo anapotafuta boti ya kwenda Takwa. Jibu analopata gatini ni moja: maji yametoka. Ratiba inayofaa huanzia baharini. Jua kwanza maji yatajaa saa ngapi, itengee Takwa saa zake, kisha vya mjini vichukue nafasi iliyobaki. Vya mjini havihami.

Takwa ni magofu yaliyoko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Boti ya mashine huchukua kama nusu saa; mashua ya tanga hutegemea upepo. Mwisho wa safari boti huingia mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na hapo ndipo penye kazi. Maji yakipwa, mkono huo hubaki tope na mizizi, hakuna chombo kinachopita.

Hesabu yake si ngumu kwa anayefuata mwezi. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa takriban saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa saa nne asubuhi. Kwa hiyo asubuhi ya bamvua usihangaike na Takwa. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, hivyo tarehe 6 na 7 za mwezi mwandamo, na tena tarehe 21 na 22, hujaa kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi. Hizo ndizo siku bora: jua bado pole, na una muda wa kurudi mjini kabla ya adhuhuri. Zikipita hapo huja maji mafu. Saa zake za kujaa bado ni nzuri, ila hayapandi sana, na boti nzito iliyojaa watu yaweza kugusa chini kabla ya kufika. Siku hizo omba chombo chepesi na msijazane. Hesabu hii ni ya kupangia tu; dakika kamili zithibitishe kwa nahodha jioni ya kuamkia safari.

Mapatano yafanyike kabla ya kupanda. Uliza kama bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa, kama kurudi kumo ndani, na nahodha atangoja saa ngapi. Kiingilio cha magofu ni malipo mengine. Lipa sehemu ya kwanza gatini na iliyobaki mkisharudi. Maboya ya kuvaa yawemo botini kwa idadi ya abiria, watoto wakiwemo. Yakikosekana, tafuta boti nyingine bila kuona haya. Beba maji ya kunywa, maana usitegemee duka kule, na dawa ya mbu kwa ajili ya mikoko.

Fika saa moja kabla ya maji kujaa, ondoka si zaidi ya saa moja baada ya kujaa. Wanaokwama mara nyingi ni wale waliovuka mchanga kwenda ufuo wa upande wa bahari kuu, wakaona pazuri, wakasahau saa. Boti ikikaa tope saa mbili baada ya maji kujaa, itangoja maji yatoke yote kisha yarudi hadi kimo kilekile, na hiyo ni karibu saa nane nzima juani.

Kinachokungoja kinastahili taabu hiyo. Mji wa Takwa ulistawi karne ya 15 hadi ya 17, kisha wenyewe wakauhama. Maji ya visima kuingia chumvi ni moja ya sababu zinazotajwa. Wengi walivuka mlango wa bahari wakakaa Shela. Ukipita lango la ukuta, nenda moja kwa moja msikiti wa Jamia. Simama uani, tazama ukuta wa kibla: juu yake, sawasawa na mihrabu, imesimama nguzo ya mawe, jambo lisilo la kawaida kwa misikiti ya pwani hii. Isogelee mihrabu uone jinsi jiwe la matumbawe lilivyochongwa likiwa bado bichi, lingali laini, ndiyo maana ncha zake ni kali hadi leo. Nje ya ukuta liko kaburi la nguzo lenye tarehe ya miaka ya 1680. Watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba dua ya mvua, kwa hiyo ni mahali pa ibada. Usilikalie wala kuliegemea kwa ajili ya picha. Chukua mwongozo wa pale pale, kwa sababu bila maelezo nyumba zilizobaki zitaonekana kuta tu kati ya mibuyu.

Mjini, kama una nafasi ya jumba moja tu la makumbusho, liwe Nyumba ya Kiswahili kule Mkomani. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa upya, na inamaliza maswali yote kuhusu kwa nini Lamu imejengwa ilivyojengwa. Unaingia kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba vyafuatana kwenda ndani, kila kimoja sakafu yake imepanda kidogo na mwanga wake umepungua. Upana wa chumba ni mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na sababu yake iko darini: boriti za mikoko hazibebi dari ya mawe kwa urefu zaidi ya huo. Chumba kirefu chembamba hakikutokana na mapendeleo tu, kimetokana na mti. Ndani kabisa ukuta umejaa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya kaure. Nyuma yake iko nyumba ya kati, mahali pa kuzalia na pa kuoshea maiti. Usitoke kabla ya kuchungulia birika la chooni: samaki wadogo waliwekwa humo wale viluwiluwi vya mbu. Nusu saa inatosha, lakini nenda asubuhi. Alasiri vyumba vya ndani ni giza na picha hazitoki.

Makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, nenda kwa ajili ya vyombo vya baharini na siwa, baragumu la jadi. Siwa hupulizwa ubavuni, si mwishoni kama tarumbeta, na ile ya Lamu ni ya shaba, tofauti na ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela kuanzia 1910 hadi 1984. Maonyesho yake hubadilika na mengine ni hafifu, lakini panda juu ya kuta jua likikaribia kushuka. Hakuna pengine unapouona mji na mapaa yake vizuri hivyo. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi 1888 hadi 1891, ni chumba kidogo chenye picha na barua. Anayependa stempu ataridhika, wengine dakika kumi zinawatosha. Kwenye majumba yote, raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho kisibaki hotelini, na simu iwe na chaji ya kulipia.

Kituo cha punda kiko njia hiyohiyo ya pwani tangu 1987. Pita, uone wanavyotibiwa vidonda vya mizigo, acha chochote sandukuni.

Kuna wanaouliza habari za viboko wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni. Liko bara, maana yake boti hadi Mokowe kisha barabara, na ukame mkali huwahi kulikausha. Siku mbili hazilitoshi. Lipangie safari ya peke yake na uulize kwanza hali ya maji.

Jioni ya kwanza ibaki ya Shela. Kwa miguu ni kilomita tatu kwa njia ya pwani, kama dakika arubaini. Siku za bamvua maji ya jioni hufunika sehemu ya njia, mawimbi yanapiga ukutani na mawe yanateleza. Panda boti ya abiria, au ondoka mapema kabla ya alasiri. Vilima vya mchanga nyuma ya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa mjini Lamu, hivyo usiache takataka wala kukojoa huko. Na nauli ya kurudi usiku huwa juu kuliko ya mchana, basi patana na nahodha kabla hajakuteremsha.