Mdoli wa kitambaa: anasukika? Anabebeka?

Midoli ya kitambaa inayoshonwa na mafundi wa mtaani na kuuzwa kwenye vibanda vya vinyago, Dar es Salaam na Zanzibar, husifiwa zaidi kwa rangi ya ngozi yake, inayofanana na ya mtoto. Ni sifa ya haki. Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 midoli minne yenye umbo moja, miwili myeupe na miwili ya kahawia. Wengi walisema mweupe ndiye mzuri.

Ila rangi peke yake haitoshi. Mtoto akipewa mdoli humsuka, humbeba, humfunga nguo, kama anavyoona nyumbani. Hapo ndipo midoli mingi inapoanguka.

Anza na nywele. Uzi wa kufumia uliobandikwa kwa gundi hung'oka siku ya kwanza ya kusukwa twende kilioni. Vuta shungi moja kabla hujalipa. Ukiona gundi imepasuka, rudisha. Nywele nzuri zimeshonewa kichwani mstari kwa mstari, urefu wa sentimita 20 hivi, zinakubali kusukwa mabutu na vitunguu na kufumuliwa tena.

Kisha miguu. Ikishonwa imebanana, mdoli hakai mbelekoni, anateleza kama chupa. Itanue kabisa: mshono wa msamba usivutike wala kuonyesha nyuzi.

Bonyeza tumbo. Vipande vya nguo chakavu vilivyojazwa ndani hujikusanya mabonge, na vikilowa hukauka polepole hadi kunuka ukungu. Sufi ni nyepesi lakini hupenya kwenye mshono mpana. Mdoli wa kufuliwa kila wiki awe amejazwa poliesta.

Nguo ndiyo inayoudhi zaidi. Mdoli "wa kanga" mara nyingi amefungwa kipande cha mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, bila pindo la pembeni. Kwa mtoto anayemwona bibi yake na kanga kila siku, hicho ni kitambaa tu. Omba kipande cha kona, chenye pindo pande mbili. Fundi atanung'unika, maana kanga ina kona nne tu, lakini mwongeze kidogo.

Pangusa mwili kwa kitambaa cheupe kilicholowa: rangi ikichuja, itachafua shuka. Na kwa mtoto chini ya miaka 3, macho yawe ya kutarizi. Kifungo hung'oka, na kinywani ndiko kinakoishia.