Terra Mystica: jenga karibu na mpinzani wako

Michezo mingi ya mezani ya kujenga uchumi humfungia mtu kwenye ubao wake. Unapanga vitu vyako, mwenzako anapanga vyake, mwishoni mnahesabu pointi ili kujua nani alipanga vizuri zaidi. Naipenda michezo hiyo, ila baada ya muda huwa nahisi niko peke yangu mezani. Terra Mystica ndio mchezo ulioniondolea upweke huo, na umefanya hivyo kwa kanuni moja: ukijenga kando ya mpinzani wako, wewe unapata nafuu na yeye anapata nguvu.

Nianze na ramani. Imegawanywa katika viwanja vya pembe sita, vya aina saba za ardhi: msitu, ziwa, jangwa, mlima, kinamasi, tambarare na nyika iliyoungua. Kila aina ya ardhi ina jamii mbili za kihekaya, kwa hiyo jamii zote ni 14, na kila mchezaji anachukua moja. Wachawi wanaishi msituni, Nguva ziwani, Wahamaji jangwani, wala hakuna anayekubali ardhi isiyo ya kwao. Unachofanya ni kuigeuza. Unalipa wafanyakazi, unapata sepetu, unachukua kigae cha ardhi yako na kukiweka juu ya kiwanja. Jangwa limekuwa msitu. Ukishajenga hapo, hakuna tena wa kukuondoa.

Bei ya kugeuza ndiyo inayoamua utamsogelea nani. Ardhi zote saba zimepangwa kwenye duara: kutoka msitu hadi ziwa ni sepetu moja, kutoka msitu hadi jangwa ni tatu. Mwanzoni sepetu moja inagharimu wafanyakazi watatu, na unaweza kulipia maarifa ili ishuke hadi wawili, kisha mmoja. Majitu peke yao wanatumia sepetu mbili popote waendapo, hata pale ambapo wengine wangetumia moja.

Utamu wa kujenga uchumi wenyewe uko kwenye ubao wa jamii yako. Majengo yote yamepangwa pale tangu mwanzo, yakiwa yamefunika alama za mapato. Ukitoa nyumba na kuipeleka kwenye ramani, alama ya mfanyakazi inabaki wazi, na kuanzia raundi inayofuata unampata. Lakini ukitaka kuipandisha nyumba hiyo iwe duka, nyumba inarudi ubaoni na kumfunika yule mfanyakazi. Umepata sarafu na nguvu, umepoteza mkono wa kazi. Duka likigeuka hekalu, unapata kuhani na kigae cha baraka, lakini mapato ya duka yamefunikwa. Hakuna hatua ya kupanda isiyokudai kitu ulichokuwa nacho, na ninaona hapo ndipo wabunifu wake, Jens Drögemüller na Helge Ostertag, walipofanya kazi ya kutukuka. Mchezo ulitoka mwaka 2012, na mwaka uliofuata ulishika nafasi ya kwanza kwenye Deutscher Spiele Preis, tuzo ya michezo ya Ujerumani. Tuzo hiyo iliustahili.

Sasa turudi kwa jirani. Duka linagharimu sarafu sita ukiwa umejitenga, lakini sarafu tatu tu kama kuna jengo la mpinzani pembeni. Nusu bei! Na kila unapojenga au kupandisha jengo, yule jirani anaruhusiwa kuvuta nguvu kulingana na ukubwa wa majengo yake yanayogusana na lako: nyumba inampa nguvu moja, duka au hekalu nguvu mbili, ngome au patakatifu, yaani majengo makubwa zaidi, nguvu tatu. Analipa kwa pointi, moja pungufu ya idadi ya nguvu anazochukua. Nguvu hizo zinazunguka katika mabakuli matatu, na ni zile tu zilizofika bakuli la tatu unazoweza kutumia kununua daraja, kuhani, sarafu saba au sepetu. Kila huduma ya ubao wa pamoja inanunuliwa mara moja kwa raundi. Akiiwahi mwenzako, imekwenda.

Dada yangu hupenda Wachawi, mimi Wahandisi wa milimani. Msitu na mlima zimepakana kwenye duara, hivyo tunagombea viwanja vile vile na tunaishia kubanana. Alikuwa na ngome na duka vikigusa nyumba yangu moja. Nikiipandisha, yeye ana haki ya nguvu tano kwa pointi nne. Anaangalia mabakuli yake, anaangalia pointi zake, mimi naomba kimoyomoyo akatae. Akikubali, najua atawahi sepetu mbili ninazozitaka. Lakini nikijenga mbali naye, duka litanigharimu maradufu. Hakuna vita kwenye mchezo huu, hakuna anayebomoa jengo la mwingine, na bado sijaona mchezo unaofanya watu watazamane machoni kiasi hiki.

Hakuna dadu, wala karata za kuvuta kwa bahati. Vigae vya pointi vya raundi zote sita viko wazi kabla ya hatua ya kwanza: raundi hii nyumba zinalipa, ile maduka, ile miji. Anayekuwa wa kwanza kujitoa kwenye raundi ndiye anayeanza raundi inayofuata, na hilo peke yake limewahi kuamua ushindi mezani petu.

Kuna mambo yasiyonipendeza. Njia nne za ibada, za moto, maji, ardhi na hewa, zina faida kubwa, lakini kuzipanda hakunipi msisimko. Unasogeza kete na basi. Jamii pia hazilingani. Mafakiri wana zulia la kuruka, wazo zuri mno, ila gharama zake zinawachosha mapema, na Majitu huwa ninampa mtu anayeujua mchezo tayari. Mgeni mpe Wachawi, Wahandisi au Nguva. Ufafanuzi wa kanuni ni mrefu, na raundi ya kwanza mgeni ataona giza kwa wingi wa alama. Usimsukume. Mwoneshe mapato yake, mwache ajenge, mengine yatakuja.

Idadi ya watu mezani ndiyo ningeiangalia kabla ya kununua. Sanduku linasema wawili hadi watano. Wanne ndio wanaoijaza ramani ipasavyo: kila mtu ana jirani, na eneo kubwa lililounganishwa, lenye pointi 18 kwa wa kwanza, 12 kwa wa pili na 6 kwa wa tatu, linagombewa hadi hatua ya mwisho. Wakiwa wawili, ramani ni ile ile pana, mnaweza kumaliza bila kugusana, na kanuni niliyoisifu inalala. Kama kwenu mko wawili siku zote, tafuteni Gaia Project ya 2017, ya wabunifu hao hao. Ramani yake ni ya vipande, na mnapokuwa wachache mnapunguza vipande, hivyo mtabanana tu.