Made in Japan ya Deep Purple: usiisikilize na sikio moja

Kama umechoka na zile shoo ambapo msanii ameshika maiki lakini anayeimba ni CD, na huku Uganda tunazijua sana, tafuta hii albamu. Deep Purple, bendi ya rock ya Uingereza, walienda Japan Agosti 1972, wakapiga Osaka tarehe 15 na 16, kesho yake wakapiga ukumbi wa Budokan kule Tokyo, na kampuni ya rekodi ya kule ndiyo iliyotaka shoo zirekodiwe. Wenyewe hata hawakuwa na hamu sana, walidhani itauzwa hukohuko Japan tu. Kumbe mpaka leo mashabiki wa rock wakibishana kuhusu laivu lazima hii itajwe.

Lakini usiisikilize kwa spika moja! Kuna jamaa yangu hapa Bombo nilimrushia akaisikiliza na iyafoni iliyokufa upande wa kulia, akanirudia ati mbona hii bendi ya rock gita lake liko mbali hivi, linapigwa chumba cha pili? Nilicheka sana bana. Gita la Ritchie Blackmore liko kulia, kinanda cha Jon Lord kushoto, katikati ndio unapata besi ya Roger Glover, ngoma za Ian Paice na sauti ya Ian Gillan, sasa ukiua upande mmoja umeua nusu ya mazungumzo. Maana hawa watu wanaongea. Na huyo Lord msidhani ni kinanda cha kanisani, ile ogani yake ya Hammond aliipitisha kwenye ampu za Marshall zile za gita mpaka ikawa inanguruma, saa zingine sijui nani ni nani mpaka niangalie sauti inatoka upande gani.

Mimi napenda zaidi Strange Kind of Woman. Kuna mahali Blackmore anapiga kitu kifupi tu na gita, Gillan anamjibu kwa mdomo vilevile, anampandishia naye anapanda, anampelekea ngumu zaidi naye anaitoa, wanachokozana hivyo mpaka mwisho Gillan anapiga ukelele mmoja mrefu ambao kama jirani yako ni mlokole atakuja kuuliza nani amepagawa. Child in Time nayo ina zaidi ya dakika 12, inaanza taratibu sana, ukiongeza sauti ili usikie vizuri utajuta baadaye.

Smoke on the Water kila mtu anaijua, hata anayesema hajui rock. Inasimulia ule moto ulioteketeza kasino ya Montreux kule Uswisi Desemba 1971, Frank Zappa akiwa kwenye steji, na Deep Purple walikuwa pale tayari kurekodi. Raha ya hii ya laivu ni kwamba wimbo wenyewe ulikuwa na miezi tu tangu utoke kwenye albamu yao ya studio Machine Head, haujawa bado ule wa kila mtoto anayejifunza gita, kwa hiyo Blackmore anaanza akichezacheza nao tu, watu wanapiga makofi, ndio anaunyoosha.

Space Truckin' sasa. Studio haifiki hata dakika tano, hapa inakaribia 20! Mtu wa sebene ataielewa haraka, maneno yanaisha mapema halafu kazi inaachiwa wapigaji, tofauti ni kwamba hapa huwezi kucheza, yaani kiuno kinabaki kinashangaa. Kati kati inalegea kidogo, siwezi kudanganya, kuna sehemu Lord anatafuta makelele tu.

The Mule ni solo ya ngoma, Paice anajua kazi lakini mimi nikiwa kwenye taksi ya kwenda Kampala huwa naruka.

Ukiikuta, chukua ile iliyotoka upya 1998 yenye diski ya pili, ina nyimbo walizorudi kupiga watu walipokataa kuondoka, Black Night ikiwemo. Ya kawaida ina nyimbo 7 tu lakini inakaa zaidi ya saa nzima, kwa data ya huku fikiria mara mbili kabla ya kuistrimu kila siku, bora uishushe mara moja ukae nayo. Nawapa 9 kwa 10. Ile moja nimeikatia The Mule, na mashabiki wa Paice mnaweza kunitukana.