Kompyuta ilizima kila nikicheza Forza Horizon 5: uzoefu wangu na pawa saplai ya Corsair CX550

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kompyuta yangu ilikuwa inazima ghafla kila ninapocheza Forza Horizon 5, gemu la mbio za magari, na iliyotibu ugonjwa huo ni pawa saplai mpya (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), Corsair CX550 ya wati 550. Haikuwa RAM, haikuwa Windows, haikuwa kadi ya grafiki. Sasa inacheza gemu bila kuzima na nimeridhika nayo sana. Ila kuisifia pawa saplai peke yake hakutamsaidia mtu ambaye bado hajajua kompyuta yake inasumbuliwa na nini, kwa hiyo nitaeleza na njia niliyopita. Njia hiyo ilikuwa ya bure, wakati kubahatisha vifaa kulikuwa kunaelekea kula laki kadhaa.

Kompyuta ni ya kuunganishwa, niliinunua Kariakoo ikiwa tayari imefungwa: prosesa ya Core i5-6500, RAM GB 16, SSD, na kadi ya Radeon RX 580 ya GB 8 iliyokwisha kutumika. Kwa Forza Horizon 5 vitu hivyo vinatosha. Watengenezaji wa gemu wanataja RX 470 kuwa kadi ya chini kabisa na RX 590 kuwa ndiyo wanayoipendekeza, na upande wa prosesa wanaanzia i5-4460. Ukisoma mahitaji, hakuna kilichopungua.

Dalili zenyewe zilikuwa hivi. eFootball unacheza jioni nzima bila shida. Sinema, intaneti, kazi za Excel, yote sawa. Ukifungua Forza, menyu inapita vizuri, gari linaingia barabarani, magari mengine yanajaa kwenye skrini, na papo hapo kompyuta nzima inakata. Haitoi ujumbe wala skrini ya bluu, na sauti haigandi. Inakata kama mtu kachomoa waya ukutani, feni zinanyamaza, kisha inajiwasha yenyewe.

Naomba usome dalili kwa makini kabla hujamwita fundi, maana watu wengi husema tu "inazima" na maneno hayo yanabeba magonjwa mengi tofauti. Gemu ikijifunga yenyewe na kukurudisha kwenye Windows, anza kushuku mafaili ya gemu, draiva (programu inayoendesha kifaa) au RAM. Skrini ikiwa nyeusi lakini unaendelea kusikia sauti, angalia kadi na draiva yake. Windows ina saa yake hapo: kadi isipojibu kwa sekunde 2, mfumo unaizima draiva na kuiwasha tena, na hiyo ndiyo ile hali ya skrini kupotea na kurudi. Skrini ya bluu nayo huja na jina la kosa, lipige picha. Lakini kompyuta inayokatika yote kwa mpigo, bila kusema neno, mara nyingi ni umeme au joto.

Fundi wa kwanza hakuuliza lolote kati ya hayo. "Kaka, hiyo ni Windows, niachie niipige upya." Ikapigwa, tukalipa, na Forza ikazima vilevile. Mwingine akasema RAM. Wa tatu aliposikia kadi ni RX 580 ya mtumba akatikisa kichwa: hizo zilichimba sarafu za kidijitali huko zilikotoka, imechoka, tafuta nyingine. Ni kweli RX 580 nyingi zilifanya kazi hiyo, na shaka yake ilikuwa na msingi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepima. Mafundi wetu wana mikono hodari, wanachomelea vitu vidogo ambavyo mimi hata kuviona ni shida, na ndiyo maana natamani wangetumia nusu saa tu kupima kabla ya kumwambia mteja akanunue kadi.

Nikaamua kupima mwenyewe. Mahali pa kwanza ni Event Viewer, daftari la matukio ya kompyuta, imo ndani ya Windows, hupakui chochote. Fungua kumbukumbu za System, tafuta alama nyekundu ya saa ile kompyuta ilipozima. Yangu ilikuwa Kernel-Power, namba 41. Wengi wakiiona namba hiyo wanadhani wamepata jibu, kumbe inachosema ni kwamba kompyuta iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Thamani yake imo ndani, kwenye sehemu ya Details, mstari wa BugcheckCode. Pakiwa na namba yoyote isiyo sifuri, Windows ilipata muda wa kuanguka na kuandika sababu. Pakiwa na 0, kwa kawaida haikupata hata nafasi hiyo. Yangu yote yalikuwa 0.

Baada ya hapo joto. Dar kuna joto, kuna unyevu, kuna vumbi la barabara, kwa hiyo hili usiliruke hata kidogo. Nilipakua HWiNFO, programu ya bure, nikaiambia iandike vipimo kwenye faili kila sekunde chache, kisha nikaingia kwenye gemu na kusubiri izime. Uzuri wa kuandika kwenye faili ni kwamba kompyuta ikikata, mistari ya mwisho inabaki, unakwenda kuisoma kwa utulivu. Prosesa ilikuwa nyuzi sitini na kitu, mbali na 100 ambako aina hii hujipunguzia kasi yenyewe. Kadi ilikuwa sabini na kitu. Hayo ni majoto ya kawaida kwa kadi inayofanya kazi. Kama ningekuta prosesa inakaribia 100, ningesimama hapo hapo, nifungue, nisafishe feni na kubadilisha grisi ya kupitisha joto kabla ya kuendelea.

RAM niliipima kwa MemTest86, unaiweka kwenye flashi na kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo. Iache usiku kucha. Hata kosa moja ni tatizo. Kwangu hapakuwa na kosa.

Sasa ndipo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Wazo ni kumchosha kila mmoja, prosesa na kadi, peke yake, halafu wote pamoja. Programu ya Prime95 inaichosha prosesa: ilikaa imara. FurMark inaichosha kadi: ilipanda joto, feni zikapiga kelele, lakini haikuzima. (FurMark ni kali kuliko gemu lolote, usiiwashe ukaenda sokoni, kaa uangalie joto na uwe tayari kuifunga.) Kisha nikafungua OCCT, ambayo ina jaribio linaloitwa Power, linalobebesha prosesa na kadi mzigo kwa wakati mmoja. Sekunde chache tu, tap, giza. Kila mmoja akiwa peke yake mzima, wakiwa pamoja kompyuta inakata. Hapo kadi iliyodaiwa kuchoka ikapata mtetezi.

Kwa kuhakikisha, niliingia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, nikashusha kikomo cha umeme cha kadi kwa asilimia 30, na ndani ya gemu nikaifunga kasi ya picha kwenye 30 kwa sekunde. Forza ikacheza. Picha hazikuwa laini, ila nilimaliza mbio na nyingine na nyingine bila kuzima. Kama kuna jaribio moja nataka ulichukue kwenye maelezo haya yote, ni hili. Ni bure, halihitaji bisibisi, na halimuumizi yeyote. Kompyuta inayoacha kuzima ukiipunguzia ulaji inakuonyesha wazi upande wa kutazama.

Nikafungua kasha na kusoma lebo ya pawa saplai iliyokuja na kompyuta. Jina lake silijui na sijawahi kuliona pengine. Kwa herufi kubwa imeandikwa 600W. Chini yake kuna jedwali dogo ambalo wachache hulitazama, na ndilo lenye ukweli: kwenye mstari wa +12V (volti 12) imeandikwa 18A, yaani ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Prosesa na kadi hula karibu chakula chao chote kwenye mstari huo wa volti 12. RX 580 imepangiwa wati 185, i5-6500 imepangiwa 65, hapo ni 250 tayari, bado diski, feni na madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote). Tena kadi za grafiki huruka juu ya wastani wake kwa vipande vya sekunde, na kinga ya pawa saplai inapoona hivyo inakata. Hata ukijumlisha mistari ya volti 3.3 na 5 kama ilivyoandikwa pale, 600 haifiki.

Jambo jingine nililolikuta humo linatisha zaidi. Pawa saplai ile haikuwa na waya wa pini 8 wa kadi, kwa hiyo aliyeifunga aliunganisha kwa adapta kutoka plagi za Molex, zile za zamani za diski. Soketi ya kadi kwenye madabodi hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 8 imeandaliwa kwa wati 150. Ukizipitisha hizo kwenye nyaya nyembamba za adapta ya bei rahisi, plastiki inaweza kuyeyuka. Adapta za kutoka plagi ya SATA, ile ya diski za sasa, ni mbaya kuliko hata hizo, kwa kuwa plagi moja ya SATA haikusudiwi kupitisha zaidi ya wati 54 kwenye volti 12. Ukiikuta kwenye kompyuta yako, zima na uitoe.

Nilichagua CX550 kwa sababu nilitaka kitu ambacho lebo yake inasema kweli. Kwenye mstari wa volti 12 inatoa karibu wati zote 550 zilizoandikwa kwenye boksi. Ina plagi mbili halisi za kadi ya grafiki, feni ya milimita 120, na cheti cha 80 Plus Bronze. Cheti hicho kinaeleza kiasi gani cha umeme kinapotea kuwa joto, hakielezi ubora wote wa kifaa, lakini takataka nyingi hazina hata hicho. Nyuma haina ile swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230 iliyokuwa kwenye ya zamani. Bei ilikuwa laki mbili na ushee, na kwa kijana anayejikusanyia hela ya gemu hiyo si ndogo. Bado ni chini ya kadi niliyoambiwa nikanunue.

Kuifunga hakukuwa kugumu: skrubu nne, plagi ya pini 24, plagi ya prosesa, kadi, diski. Ukiishika mkononi unajua kabla hujaifunga, ile ya zamani ni nyepesi mno ukilinganisha. Usumbufu ni nyaya zake. Zimeshikana na mwili wake moja kwa moja, huwezi kuchomoa usizozihitaji, na kasha langu ni dogo, kwa hiyo zilizobaki nilizifunga kwa vibana na kuzisukuma chini. Mwenye kasha dogo zaidi atapata tabu, bora aongeze pesa achukue yenye nyaya za kuchomoka.

OCCT ya Power ilipita bila kukata. Nikarudisha kikomo cha kadi mahali pake, nikaondoa kizuizi cha kasi ya picha, nikaweka 1080p kwa kiwango cha High. Haijazima tena. Mdogo wangu ndiye anayeitumia kuliko mimi siku hizi, na yeye hana huruma na mashine. Kelele ni ndogo. Feni ya kadi ndiyo unayoisikia.

Pawa saplai nzuri haikulindi na kukatika kwa umeme wa mtaani, ukitaka hivyo nunua UPS (betri ya akiba ya kompyuta), na uangalie kwanza kama wati zake zinatosha kompyuta ikiwa kwenye gemu. Kama kompyuta yako ni ya ofisini iliyotoka Ulaya, zile za Dell na HP, fungua uangalie plagi za madabodi kabla ya kununua chochote, maana modeli nyingi zina plagi na maumbo ya kwao wenyewe na hii haitaingia. Na tafadhali, usifungue mwili wa pawa saplai yenyewe, ya zamani au mpya. Ndani kuna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuchomoa ukutani.

Ninyi mnaouza kompyuta za gemu zilizofungwa tayari, ombi langu ni dogo. Kwenye orodha mnayoandika prosesa, RAM na kadi, ongezeni mstari mmoja wa pawa saplai: jina lake, na ampea zake kwenye volti 12.