Spika za umemetuli: kabla hujauliza sauti, uliza vumbi linapita wapi

Mwezi wa nne mwaka jana, masika yakiwa yamekolea, spika yangu ya kushoto ilianza kunywea. Haikufa. Ilipungua kidogo kidogo, kila jioni chini ya jana yake, mpaka mwimbaji aliyekuwa anasimama katikati ya sebule akahamia kulia, karibu na pazia. Nikabadilisha waya. Nikageuza kushoto na kulia kwenye amplifaya. Shida ikabaki palepale kushoto, na siku chache baadaye spika ikaanza kutoa mlio: tik, tik-tik, kama bisi za mwisho kwenye sufuria.

Nilikuwa nimezinunua mwezi wa kumi kwa dalali mmoja hapa mjini, kwa akiba ya miaka miwili. "Dada, hizi ni za mzungu, amezitunza kama mtoto," aliniambia. Nilipofungua wavu na kumulika kwa tochi ya simu, nikauona utando wenyewe, ile plastiki nyembamba inayotoa sauti, uko wazi, na haukutakiwa kuonekana hivyo. Kwenye spika kama zangu, mbele yake lazima kuwe na ngozi nyingine nyembamba ya kuzuia vumbi, na haikuwepo. Ilikatwa kwa wembe kuzunguka fremu nzima, kingo zimenyooka, gundi ya njano bado imeshika vipande vya upana wa milimita mbili tatu. Mtu aliona imechanika, akaona kuibadilisha ni kazi, akaiondoa yote na kurudishia wavu. Ndani kulikuwa na vumbi la kahawia, laini kama unga wa ulezi, na mabawa matatu ya kumbikumbi. Chapa ya spika zile siitaji, kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitahangaika na wati wala desibeli. Hayo yameandikwa kwenye boksi na kila muuzaji anayajua kwa moyo. Mimi nazipanga spika hizi kwa swali moja tu: kwenye nyumba ya Arusha au Moshi, vumbi litaufikia utando au halitaufikia?

Kwa asiyezijua: spika ya kawaida ina koni na sumaku. Ya umemetuli, ambayo wengi huku wanaiita spika ya paneli, ina utando wa plastiki wa mikroni chache tu, mwembamba kuliko unywele mara nyingi, uliopakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana. Unawambwa katikati ya bamba mbili zenye matundu, halafu unachajiwa volti elfu kadhaa. Muziki unapita kwenye bamba, na utando unavutwa na kusukumwa uso mzima kwa pamoja. Hakuna koni nzito ya kuanza na kusimama. Ndiyo maana ganuni ikipigwa humu unasikia kucha inaachia uzi kabla hujasikia noti, na kwaya ya sauti nne inakaa safu nne kweli, alto wakivuta pumzi mahali pao na besi mahali pao. Nimesikiliza rekodi ya kwaya ya usharika wetu kwenye spika nyingi, na kwenye hizi peke yake ndipo nilipotambua ni nani aliyechelewa kuingia.

Lakini kitu chenye chaji kinavuta vumbi. Mnaokumbuka TV za chogo mnajua kioo chake kilivyokuwa kinajaa vumbi hata ukifuta kila siku. Na vumbi letu si mchanga wa pwani. Ni udongo wa volkano ya Meru, mwepesi, unapita dirishani hata nondo na nyavu zikiwa mpya. Anayekaa Sombetini, Kisongo au ndani ndani ya Moshono anajua ninachosema: mwezi wa nane unafuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake. Likikaa kavu kwenye utando, halileti matata makubwa. Balaa ni masika. Unyevu ukiingia, vumbi lile linaanza kupitisha umeme, chaji inavujia pembeni na sauti inanywea. Likipata njia fupi mpaka kwenye bamba, inaruka cheche, na kila cheche inaweza kutoboa utando tundu dogo.

Halafu kuna jambo ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, cheche inaruka kirahisi zaidi kuliko Tanga au Dar. Ndugu zangu wa Moshi, mlio chini yetu kwa mita kama 500, mna nafuu hapo. Vumbi la Pasua na Majengo sina haja ya kuwasimulia.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Quad ESL-63, pamoja na ndugu zake waliofuata, 988, 989, 2805 mpaka za sasa. Sifichi kwamba ninaipenda Quad. Peter Walker, Mwingereza mwanzilishi wa Quad aliyekuwa na karakana Huntingdon, alianza kuifanyia kazi mwaka 1963, ndipo jina likatoka, na hakuiuza mpaka 1981. Miaka 18 kwa spika moja. Bamba zake amezigawa kwa duara ndani ya duara, na sauti inacheleweshwa kidogo kadiri inavyotoka katikati kwenda nje, kiasi kwamba inafika sikioni kama imetoka kwenye nukta moja iliyo sentimita 30 nyuma ya paneli. Kwa swali langu ndiyo inayojibu vizuri: paneli zimefunikwa ngozi ya kuzuia vumbi mbele na nyuma. Ngozi hiyo ikiwa nzima, vumbi linabaki nje. Ikichanika, umenunua matatizo, kwa hiyo ndiyo ya kukagua kabla ya kitu kingine chochote. Mulika tochi kwa ubavu, usimulike moja kwa moja. Ngozi nzima inang'aa na kutetemeka kama plastiki iliyofunikwa juu ya bakuli la matunda. Ukiona giza la matundu ya bamba bila mng'ao, imeondolewa.

Ubaya wake upo. ESL-63 ina paneli nne kila spika, na gundi ya za zamani inaachia kwa umri, bamba zinabanduka na cheche zinaanza hata bila vumbi. Uzuri ni kwamba Uingereza na Ujerumani bado wapo mafundi wanaozijenga upya. Na usiinunue kwa ajili ya singeli. Haitatikisa madirisha, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ya pili, MartinLogan za Kansas, Marekani. Paneli yake imepinda, kwa hiyo sauti inatawanyika na hata mgeni aliyekaa kochi la pembeni anapata kitu, na chini imefungwa spika ya koni kwa ajili ya besi. Wenye vijana ndani ya nyumba wataishukuru. Paneli iko wazi, haina ngozi ya vumbi, na mimi hapo ndipo ninapoinyima namba moja. Ila za miaka ya karibuni zina akili: muziki ukinyamaza kwa dakika kadhaa zinakata chaji zenyewe, zikiacha kuvuta vumbi mpaka utakapopiga tena. Unachomoa plagi, unaziacha usiku kucha chaji iishe, kesho yake unapitisha mashine ya kunyonya vumbi yenye brashi laini mbele ya wavu. Usipulize. Fundi mmoja alitaka kunipulizia yangu kwa kompresa ya gereji, nikasimama mbele ya spika kwa mikono miwili. Upepo ule unachana utando, na vumbi linaingia ndani zaidi. Anayekaa kando ya lami, Njiro au Shanty Town kule Moshi, sitabishana naye akiifanya hii kuwa ya kwanza kwake.

Ya tatu ni Quad ya zamani, ya 1957. Kwa sauti ya mwanadamu sijasikia inayoishinda. Lakini ilitengenezwa enzi za amplifaya za wati 15, na ukiipa amplifaya kubwa ya leo na mtoto akapandisha sauti, paneli ya katikati inaungua hapo hapo. Nyingi zina umri mkubwa kuliko mimi. Kama una fundi anayezijua na subira ya kuagiza vipuri, sawa. Kama huna, ipite.

Ya nne si ya umemetuli, lakini nalazimika kuiweka: Magnepan LRS+, kutoka Minnesota. Nayo ni bapa na ina utando mkubwa, ila inasukumwa na sumaku. Haichomekwi ukutani, haina chaji ya kuvuta vumbi. Kwa mtu wa Sanya Juu au Usa River anayetumia sola, naona ni chaguo la heshima. Inahitaji amplifaya yenye nguvu, hilo tu.

Za bei rahisi zisizo na jina, na zile za kujiundia kwa vifurushi, sina la kusema zaidi ya hapana.

Mengine kwa haraka. Sauti inatoka mbele na nyuma, kwa hiyo spika zikae angalau mita moja kutoka ukutani. Sebule yenye makochi yaliyopangwa kuzunguka kuta zote itabidi ipangwe upya. Ukinzani wake unashuka sana kwenye sauti za juu, kwenye nyingine chini ya omu 2, na amplifaya ya hom thieta itachemka na kujizima. Tafuta yenye nguvu ya kweli.

Na volti. Hapa ndipo wauzaji wananichosha. Spika nzuri za aina hii zinafika Arusha kwa njia moja kubwa: wageni wanaoondoka. Mashirika yanafunga ofisi, mahakama ya kimataifa ya Rwanda ilifunga milango mwishoni mwa 2015, watu wakaenda zao na vyombo vikabaki kwa madalali. Dalali hajui alichonacho, anaangalia bei kwenye mtandao, anachukua bei ya mpya Marekani na kuongeza juu yake. Spika ni ya volti 120, sisi tuna 230, basi anakuuzia na transfoma ya kushusha umeme kama kwamba anakufanyia hisani. LRS ya kwanza ya Magnepan ilitoka 2019 kwa dola 650 jozi. Ulizia jozi iliyotumika mjini kwetu uone utaambiwa nini.

Ukienda kukagua, omba zichomekwe tangu jana yake, maana chaji inajaa taratibu na spika mbovu inaweza kujificha saa za mwanzo. Zima taa. Weka muziki wa sauti ya chini kisha usikilize tik, na uangalie kama kuna cheche ya buluu nyuma ya wavu. Piga mwimbaji mmoja peke yake: akisimama katikati, pande zote mbili ziko sawa; akiegemea upande mmoja, uliza kwa nini. Muuzaji anayekuharakisha hapo, muage.

Yangu niliirudishia ngozi mwenyewe, kwa filamu ya poliesta niliyoagiza, nikaibana kwenye fremu kwa gundi na kuikaza kwa draya ya saluni mpaka mikunjo ikaisha. Utando wa kushoto una matundu mawili ambayo hayatazibika. Nilimpigia dalali. "Dada, ulisikiliza mwenyewe ukaipenda," akanijibu, na ni kweli. Nilisikiliza dakika kumi, mwezi wa kumi, kiangazi. Kama unaweza kusubiri, nenda kukagua mwezi wa nne, mvua ikinyesha.