Tathmini ya Baseball-Reference: mstari mmoja wa Bert Shepard

Tovuti ya Baseball-Reference, inayohifadhi takwimu za ligi kuu za besiboli za Marekani, haimtozi ada msomaji anayetaka kumtazama mchezaji mmoja mmoja. Sikuipima kwa magwiji, bali kwa mrushaji (mchezaji anayemrushia mpigaji mpira) mwenye mstari mmoja tu: Bert Shepard wa Washington Senators, msimu wa 1945, mchezo 1, zamu 5.1, pointi 1 aliyoruhusu, wastani 1.69 (pointi anazoruhusu mrushaji kwa kila zamu tisa).

Asiyeuzoea mchezo huu ataidhani 5.1 kuwa desimali ya kawaida. Kumbe tarakimu iliyo baada ya nukta huhesabu wapigaji waliotolewa, na zamu moja huisha wakitolewa watatu, kwa hiyo Shepard alirusha zamu tano na theluthi. Theluthi hiyo ilikuwa kazi ngumu. Tarehe 4 Agosti 1945, Boston Red Sox walikuwa wakiongoza 14 kwa 2 katika zamu ya nne, besi zote tatu zikiwa na wakimbiaji, huku warushaji wa Washington wakiwa hoi kwa kucheza mechi mbili kwa siku, siku nne mfululizo. Shepard alipoingizwa, alimtoa George Metkovich kwa straiki tatu, zamu ikaisha, kisha akarusha hadi mwisho wa mechi.

Jedwali, hata hivyo, halina safu ya miguu. Shepard alikuwa rubani wa ndege ya kivita aina ya P-38, akatunguliwa nchini Ujerumani Mei 1944 na kukatwa mguu wa kulia chini ya goti; mguu wake wa bandia aliundiwa katika kambi ya wafungwa wa vita na mfungwa mwenzake kutoka Kanada. Kwa kuwa alirusha kwa mkono wa kushoto, mguu huo wa bandia ndio uliopokea uzito wa mwili kila alipoachia mpira.

Tovuti haimwingizi katika orodha ya wenye wastani bora wa maisha, inayodai angalau zamu 1,000, na hilo naliona ni haki. Ninachomshauri msomaji ni kuacha ukurasa wa mchezaji na kufungua jedwali la mechi yenyewe, kwa kuwa chini ya mstari wa 1945 hakuna mwingine: Washington walimaliza msimu nyuma ya Detroit, mabingwa wa ligi yao, kwa mchezo mmoja na nusu, na mwaka uliofuata warushaji waliokuwa vitani walikuwa wamesharudi.