Redio ya skrini yenye ramani kwenye gari: nimetumia aina zote tatu, hukumu yangu ni hii

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike. Kama gari yako ina nafasi ya redio ya kawaida na simu yako sio ya kizamani sana, chukua redio inayokubali CarPlay na Android Auto (programu za Apple na Google za kuleta simu yako kwenye skrini ya redio) kutoka kampuni inayoeleweka, ramani ziache zikae kwenye simu, na hela itakayobaki peleka kwenye spika na kwa fundi anayejua kazi yake. Sasa wenye muda tukae tuongee, maana hapo katikati kuna mambo mengi na kila gari ina yake.

Redio hizi ziko za aina tatu na watu wanazichanganya sana. Kuna zenye ramani yake humo humo ndani, kuna za Android zinazojitegemea kama tableti iliyopachikwa kwenye dashibodi, halafu kuna zile ambazo zenyewe hazifanyi mengi ila ukiunganisha simu zinakuletea CarPlay au Android Auto kwenye skrini. Kwenye boksi zote zinaandikwa nevigesheni, picha ya ramani imewekwa hapo inang'aa, mtu anaona ni kitu kimoja anachukua ya bei ndogo, na hapo ndo anapoumia.

Za ramani ya ndani ndo za zamani kuliko zote. Honda walitoa ya kwao mwaka 1981 na hata setelaiti haikutumia, ilikuwa inafuata mzunguko wa gari kwa gairo, yaani kifaa cha kuhisi gari inavyogeuka, huku ramani imechorwa kwenye karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, halafu Pioneer wakaja na ya GPS mwaka 1990. Uzuri wake nausema bila kinyongo, haihitaji bando, haijali simu imezima, na zile nzuri zina gairo na zimeungwa na waya wa spidi ya gari kwa hio ukiingia kwenye handaki au pakingi ya chini ya ghorofa kale kamshale kanaendelea kutembea wakati simu imeshapotea. Kenwood za DNX zilikuwa na ramani za Garmin na mtu aliyezizoea ni ngumu kumshawishi ahame, namuelewa kabisa. Shida ni kwamba ramani inazeeka. Barabara mpya imeshafunguliwa, redio inakuonyesha uko porini, na apdeti mara nyingi ni ya kulipia mpaka siku kampuni inaposema basi tena hatutoi. Kuna na lile la hesabu ya wiki za GPS, mfumo unahesabu wiki 1024 halafu unarudi sifuri, ulirudi Aprili 2019 na utarudi tena Novemba 2038, redio ambazo programu yake haikuandaliwa zikaanza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Ukinunua iliyotumika ya zamani angalia kwanza kama tarehe inakaa sawa.

Na ukinunua gari iliyotoka Japani na redio yake ya kule, sikushauri upoteze nguvu kuifufua. Menyu za Kijapani, inadai kadi ya ramani ambayo haipo, na FM yake inaishia 90 au kwa zile za karibuni 95, wakati sehemu kubwa ya dunia FM ni 87.5 mpaka 108. Kile kiboksi cha kuongeza bendi kinasaidia kiasi ila namba za stesheni zinahama zote na usafi wa sauti unapungua. Toa, weka nyingine.

Tuje kwenye za Android, ambazo najua ndo zinawavuta wengi, mimi mwenyewe zilinivuta. Skrini kubwa inchi 9 au 10, unaweka apu unayotaka, abiria wanaangalia video, ramani unaishusha humo ndani na Organic Maps au OsmAnd zinafanya kazi bila intaneti kabisa. Kwenye karatasi hakuna ya kuishinda. Ila yangu, ambayo jina silitaji, iliandikwa memori kubwa na Android mpya, nikaweka apu ya kupima vifaa ikatoa namba tofauti kabisa na za kwenye menyu ya setingi, yaani walioitengenezea programu waliandika tu wanachotaka kionekane. Hili ni jambo la kawaida kwa hizi zisizo na jina kwa hio ukienda kununua usiamini ukurasa wa "kuhusu kifaa", waambie wafungue ramani, waweke muziki, halafu waitoe ramani na kuirudisha mara kadhaa mfululizo, kama inakwama hapo dukani kwenye ubaridi basi juani itakwama zaidi maana prosesa ikipata joto inajipunguza spidi. Nyingine ni betri. Ili ziwake haraka asubuhi hizi redio hazizimi, zinalala tu, na kulala huko kunakula umeme kidogo kidogo, gari ikikaa bila kuwashwa muda mrefu na betri yenyewe imechoka utakuta haipigi. Kwenye setingi nyingi kuna sehemu ya kuchagua ikae usingizini muda gani kabla ya kuzima kabisa, punguza.

Sisemi zote ni mbaya. Kuna watu dashibodi zao zimepinda pinda na redio imeungana na vitufe vya kiyoyozi, kampuni kubwa hazitengenezi kitu cha kuingia hapo, na wa Android wana fremu ya karibu kila gari pamoja na kiboksi cha CAN cha kusoma vitufe vya usukani. Kwa gari kama hio Android ndo njia, ila lipa zaidi kidogo upate yenye memori ya kweli na feni au kipooza joto kizuri nyuma.

Sasa hizi ninazozipenda. CarPlay ya Apple ilianza 2014 na Android Auto 2015, na wazo lenyewe ni rahisi, akili yote iko kwenye simu, redio inabaki na kazi ya kuonyesha, kusikiliza vidole vyako na kutoa sauti. Simu unaibadilisha, ramani zinajisasisha, na redio ya miaka mingi inaendelea kuonekana mpya kwa sababu kinachoonekana pale sio chake. Zamani kwenye CarPlay ulikuwa umefungwa na ramani za Apple tu, tangu iOS 12, programu ya iPhone ya mwaka 2018, wakaruhusu Google Maps na Waze. Upande wa Android kuanzia toleo la 10 Android Auto imo ndani ya simu tayari, huhitaji kushusha kitu. Na wanaosema ukiwa nje ya mtandao hizi hazifai, shusha ramani ya eneo lako kwenye simu kabla ya safari, itakupeleka, utakachokosa ni habari za foleni.

Ya waya au isiyo na waya? Isiyo na waya ni raha, Alpine ndo walianza kwenye redio za kununua pembeni na ile iLX-107 mwaka 2017, unaingia kwenye gari simu iko mfukoni na ramani inatokea. Inavyofanya kazi ni kwamba Bluetooth inasalimiana tu halafu mzigo wote unapita kwenye Wi-Fi, kwa hio simu inachemka na chaji inashuka, safari ndefu utachomeka tu. Kwa upande wa Android simu nyingi zinahitaji toleo la 11 ndo ikubali bila waya. Mimi nikiambiwa nichague kati ya redio yenye sauti nzuri ya waya na yenye sauti ya kawaida isiyo na waya, nachukua ya waya bila kufikiria. Ila nunua kebo nzuri fupi, maana malalamiko mengi ya "Android Auto inakatika" ni kebo, sio redio.

Skrini. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo unaiangalia kila siku. Kuna za tachi ya kubonyeza kwa nguvu na za kugusa kama simu, chukua za kugusa kama simu. Ukubwa usikutie wazimu, inchi 7 yenye mwanga wa kutosha ni bora kuliko inchi 10 ambayo mchana inageuka kioo cha kujitazamia. Dukani kuna kivuli, kila skrini inapendeza. Omba waipeleke mlangoni kwenye jua, itazame kwa pembeni kama unavyokaa kwa dereva, rangi zikigeuka au usipoona mstari wa njia basi hio sio. Usiku nayo iweze kushuka mwanga yenyewe ukiwasha taa, kuna waya wake wa rangi ya chungwa kwa kazi hio na mafundi wengi wanauacha unaning'inia, mkumbushe.

Na kitufe cha sauti cha kuzungusha jamani! Hiki kitu kimefutwa kwenye redio nyingi kwa ajili ya urembo na nakitetea mpaka kesho. Uko kwenye makutano, mtu anakupigia honi, mtoto nyuma analia, unataka kushusha sauti sasa hivi, mkono unakwenda wenyewe bila macho kutoka barabarani. Kwenye skrini tupu lazima uangalie unabonyeza wapi. Sony XAV-AX100 ya mwaka 2016 skrini yake ni inchi 6.4 tu lakini ina hicho kitufe, na kwa matumizi ya kila siku ninaiweka juu ya redio kadhaa kubwa zilizokuja baadae. Kama gari ina vitufe vya usukani na redio inavikubali, sawa, shida inapungua.

Kamera ya nyuma ipime hivi, washa gari na uingize rivasi papo hapo. Redio nzuri inatoa picha karibu muda ule ule hata kama yenyewe bado inawaka, mbovu inakuonyesha nembo inazunguka huku mguu uko kwenye breki na nyuma huoni kitu. Hakikisha pia kamera na redio zinaongea lugha moja, kamera ya AHD (ya picha kali) ukiipeleka kwenye redio inayosoma CVBS (picha za kawaida za zamani) peke yake unapata giza au mistari, na picha iwe imegeuzwa kama kioo, kushoto kwako kubaki kushoto.

Kwenye sauti, ile 50W x 4 iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa ni kilele cha sekunde, ukisoma karatasi ya ndani utakuta nguvu ya kudumu ni kama wati 14 mpaka 22 kwa kila spika na karibu redio zote ziko hapo hapo, usilipie namba hio. Angalia ikwalaiza, ile ya kurekebisha besi na sauti nyembamba, ina bendi ngapi, kama inaweza kukata besi isiende kwenye spika ndogo za mlangoni, na kama una mpango wa amplifaya angalia matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, ni volti ngapi, yenye 4 au 5 inatoa sauti safi isiyo na kelele za injini kuliko yenye 2.

Kufunga sasa. Redio ya nafasi moja ni milimita 180 kwa 50, ya nafasi mbili ni 180 kwa 100, na Toyota nyingi nafasi ni pana kidogo, 200 kwa 100, kwa hio redio ya 180 itahitaji vipande vya kuziba pembeni. Nafasi moja sio mwisho wa habari, kuna zenye mwili mdogo na skrini kubwa inayosimama mbele, ila pima kwanza haizibi tundu za upepo au swichi ya hazadi. Fundi akitoa mkasi akate soketi ya gari, msimamishe. Adapta ya soketi ipo kwa magari mengi, unachomeka tu, na siku ukiuza gari unarudisha ya zamani. Nyaya za redio zina mpangilio unaojulikana, njano ni umeme wa muda wote, nyekundu ni wa funguo, nyeusi ni body, yaani wa kufungwa kwenye chuma cha gari, ila rangi za upande wa gari ni kila kampuni na yake, apime kwa mita asikisie. Njano na nyekundu zikiungwa zote kwenye umeme wa muda wote betri itakufa, zikiungwa zote kwenye funguo redio itasahau stesheni na setingi kila ukizima. Waya wa body ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, nusu ya mivumo ya kwenye spika inatoka hapo.

Redio yako ikiwa na GPS yake, antena iwe juu ya dashibodi karibu na kioo, sio nyuma ya redio kwenye chuma, na kama kioo cha mbele kina tabaka la chuma la kuzuia joto mawimbi yanapungua, itafutiwe sehemu isiyo na hilo tabaka. Maiki nayo wanapenda kuiacha pale kwenye redio, ipandishwe kwenye nguzo ya kioo upande wa dereva mbali na tundu la upepo, halafu kabla hujamlipa fundi mpigie mtu simu gari ikiwa inatembea na feni imewashwa, ukisikia anakuuliza "unasemaje?" mara ya pili, rudi afungue tena.